Dhahabu Shingoni Mwangu

Nilipokuwa mke wa mtu pale Dodoma, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, nilikuwa na kazi moja ambayo watu waliiona ya kichaa: nilikusanya pauni za dhahabu za Malkia wa Waingereza. Si kwa ajili ya kununulia kitu. Nilitaka sura zake zote, tangu ujana mpaka uzee. Malkia mwenyewe alikuwa amekwisha kufa zamani, na nchi yetu haikuwa yake wala hakupata kuikanyaga. Waliponicheka niliwaambia wacheke mpaka wang'oke meno. Nina ulimi mimi, hata leo uzeeni sijaupunguza.

Nilitoka pwani na mume wangu reli ilipofika Dodoma. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na ngozi, mtu wa safari kweli kweli, leo Kondoa, kesho Kilimatinde, keshokutwa hata yeye hajui. Kwetu pwani nyumba zimegusana. Ukipiga chafya, jirani anakujibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Dodoma nikakuta upepo. Upepo na vumbi jekundu, na nyumba za tembe zilizolala chini kama zinajificha, na kati ya nyumba na nyumba uwanja mtupu ambao unaweza kumwona mtu anakuja tangu hujabandika chungu mpaka chakula kimeiva, na akifika, hakuja kwako. Mungu hakutupa mtoto. Ndugu wote walibaki pwani, wangu na wake. Mume akiondoka, siku nzima ilipita sauti yangu mwenyewe siisikii, mpaka nikisema kitu nashtuka.

Pauni ya kwanza aliniletea yeye, aliipata kwa Mhindi mmoja mnunuzi wa ngozi. Alifungua fundo la kikoi chake, akaniwekea mkononi. Nikatazama, nikaona mwanamke mzee, mnene wa shingo, kajifunika ushungi.

"Huyu si wa kwetu huyu?" nikauliza.

"Mzungu huyo. Malkia wa Waingereza."

"Wazungu nao wanajifunika ushungi? Loo!"

Nikaigeuza. Nyuma yuko mwanamume juu ya farasi, uchi kama alivyozaliwa ila kofia ya chuma kichwani, anapigana na joka lenye mbawa. Tukacheka sana siku ile. Mume wangu akasema huyu kaondoka nyumbani kwa haraka, mkewe hakumkagua. Nikamwambia hata wewe nisingekukagua ungekwenda Kondoa hivyo hivyo.

Safari iliyofuata akaleta ya pili. Hii mwanamke wake si mzee kama yule, na juu ya kichwa ana kitaji kidogo, kidogo mno, kimekaa kama kofia ya mtoto iliyovishwa mtu mzima. Niliziweka mbili pamoja juu ya ungo mlangoni, penye mwanga. Pua ni ile ile. Kidevu ni kile kile. Nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi kwa fedha yoyote, maana nilikuwa namwona mtu mmoja akizeeka mbele ya macho yangu.

Rupia za Wadachi tulikuwa nazo, nani asiyekuwa nazo. Zile zina Kaizari mwenye masharubu na kofia yenye tai juu yake, uso wa mtu aliyekuja kudai kodi ya kibanda. Ukimtazama unataka kumpa chake aondoke. Yule mama sivyo. Yule alinitazama pembeni, hakunidai kitu.

Nikazipeleka kwa sonara. Alikuwa Mhindi mtaratibu, duka lake karibu na stesheni, na nyundo yake ndogo ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya mjini niliyoizoea. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba bado sura moja. Iko ya Malkia msichana, nywele zimefungwa nyuma kwa utepe, shingo wazi, hana taji wala ushungi. Alitawala angali kigoli, na Waingereza wakaendelea kupiga chapa sura ile ya usichana mpaka yeye ana wajukuu.

"Kwa hiyo nje mjukuu yuko mgongoni, na kwenye pauni bado mwali?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Wazungu wana mambo!"

Lakini nilitoka pale roho juu juu. Ninamtaka yule msichana. Nilikwisha kumjua mtu huyu katika uzee wake na katika utu uzima wake, na sasa naambiwa alikuwa na ujana na mimi sijauona.

Sonara alitaka kuitoboa ile ya ushungi niivae shingoni, kama walivyofanya wanawake wengi wa mjini. Nikamwambia thubutu! Ukitoboa unamharibu uso au unakula mwaka ulioandikwa. Tarakimu za Kizungu nilikuwa nimejifunza kwenye pauni hizo hizo, na nilizionea wivu. Basi akaizungushia pete nyembamba ya fedha yenye kishikio, akaitia kwenye mkufu. Nikawa naivaa. Ile ya kitaji ilikaa kwenye kibweta.

Mtu mmoja tu alikuwa akibisha hodi kwangu karibu kila siku, naye ni mama mmoja wa Kigogo aliyeniuzia maziwa. Alinizidi umri kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, changu cha Kigogo ni salamu tu. "Mbukwa," nami naitikia "mbukwa," kisha tunaanza kupapasana kwa maneno. Siku moja alinikuta nimezipanga pauni kwenye ungo. Akachuchumaa akazitazama kwa heshima kabisa.

"Hii inazaa?"

"Haizai."

"Inatoa maziwa?"

"Haitoi."

"Sasa unafuga ya nini?"

"Na wewe ng'ombe wako nikimvaa shingoni itakuwaje?"

Akacheka mpaka mapambo ya masikioni yakatikisika. Baada ya hapo kila akija alizijulia hali pauni zangu kama anavyoulizia mifugo. Hazijambo? Hazijambo. Hazijazaa? Bado. Nilimpenda kwa hilo, ingawa alipoondoka nyumba ilirudi kuwa kubwa vile vile.

Kisha reli ikaanza kusogea kuelekea Tabora, na kambi za wajenzi zikawa zinasonga mbele pamoja nayo. Watu wengi makambini, nao wanataka nyama. Mume wangu akaungana na mwenzake, mtu wa Kondoa, Mwislamu mzuri mwenye maneno machache aliyekwisha kula kwangu mara nyingi. Wakanunua ng'ombe wa kuwapeleka magharibi. Nilijua ni safari ndefu kuliko zote. Nilinuna. Nilimsusia hata chai.

"Usinune," akaniambia. "Makambini kuna Wagiriki, wasimamizi wa kazi. Wagiriki wana dhahabu ya kila namna. Nitakuletea msichana wako."

"Msichana gani?"

"Wa utepe."

"Angalia usije ukaniletea msichana mwenye miguu."

"Huyo nitamweka Tabora," akasema, na nikamtupia kawa la chakula, likampita.

Niliwasindikiza njia ya Zuzu, ile ya kwenda magharibi. Ng'ombe walitimua vumbi, yeye nyuma yao na fimbo, hata sikumwona vizuri. Aligeuka mara moja akanipungia mkono nirudi, jua lilikuwa kali. Nikarudi nikiwa bado nimekasirika kidogo. Hasira za namna ile mtu unazifurahia, maana unajua atakayezilipa atarudi.

Watu walikuwa hawajapanda uwele alipoondoka. Mvua zikanyesha, wakapanda. Ukaota, wakapalilia. Mwanzoni salamu zilikuwa zikifika, mpita njia huyu anasema kawaacha wazima, yule anasema ng'ombe wananunuliwa vizuri. Halafu zikakatika. Sikusikia kitu.

Garimoshi lilipotoka magharibi nilikwenda stesheni. Nilisimama mbali kidogo, sikutaka ionekane nimekuja kungoja. Watu wanashuka, wananyoosha miguu, wananunua mayai na maji na karanga, wanapanda tena. Nilimwuliza huyu na yule. Kambi ipi? Kambi ziko nyingi, mama. Nikirudi nyumbani sivui hata buibui, nakaa vivyo hivyo kwenye mkeka.

Mji una midomo. Wanawake wa Kiislamu pale walikuwa wachache, na wengi wao walinijua kwa salamu tu, lakini kwa hili walinikaribia. Mmoja ananiambia mume wangu kaoa Tabora. Mwingine anasema amekufa, nikae eda, nisije nikajitia madhambini. Nikauliza nani kamwona maiti? Hakuna. Nani kamzika? Hakuna. "Basi nendeni mkapike," nikawaambia.

Lakini maneno yalikuwa yameniingia. Mwanamke mwenye eda havai dhahabu. Havai, hajipaki wanja, hajitii manukato, anakaa ndani katika nguo nyeupe mpaka muda wake, miezi minne na siku kumi, uishe. Kwa hiyo mkufu ule ukawa si pambo tena. Kila asubuhi nilipoufunga shingoni nilikuwa nauambia mji mzima kwamba mume wangu yu hai. Nilitoka kuchota maji na pauni kifuani. Nilikwenda sokoni nayo, nikaivutia juu ya kanga ionekane vizuri, na wakitazama nawaachia watazame. Idi ilipofika nilijipaka hina na wanja, nikavaa nguo mpya, nikapika pilau ya watu wawili. Nusu nilimpa mama wa maziwa.

Na nyumbani, mlango ukifungwa, nilizungumza na yule mzee wa ushungi. Sioni haya kusema. Nilimwambia: wewe nawe ulifiwa, maana ushungi huu si bure, lakini uliletewa habari. Mimi nifanye nini? Nivae au nivue? Hiyo ndiyo iliyokuwa haja yangu moja duniani, kujua kama mimi ni mke wa mtu au mjane. Hata kulia nilishindwa. Ungemlilia vipi mtu ambaye pengine yuko kambini anakula nyama na kucheka? Upweke niliuzoea tangu nifike Dodoma, lakini ule wa mwanzo ulikuwa na mtu ndani yake. Huu sikujua una nini.

Uwele ukaiva. Watoto walikuwa mashambani wanafukuza ndege, kisha watu wakavuna, wakapura, maghala yakajaa. Asubuhi moja ya baridi, upepo unavuma ule wa kukausha midomo, nikasikia hodi ya kiume. Nikachungulia. Alikuwa ni yule mwenzake wa Kondoa, amekonda, kashika fimbo tu.

Nikatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, nikajiambia mume wangu yuko sokoni na ng'ombe, anakuja. Nikamkaribisha, nikamtandikia mkeka barazani, nikaingia ndani kuleta uji. Nilijitazama haraka kwenye kioo. Mkufu upo, wanja upo.

Alipokea bakuli, akaliweka chini. Akanitazama usoni, akaonekana amefarijika.

"Shemeji," akasema, "namshukuru Mungu nimekukuta mzima. Na naona eda umekwisha toka. Mungu akulipe kwa subira yako."

"Eda ya nani?" nikauliza.

Aliutazama mkufu, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kabla yangu. Rangi ikamtoka. Akasema, "Yarabi," akajishika kichwa.

Nikarudia. "Eda ya nani, shemeji?"

Akanieleza ameinamisha uso. Homa ilimshika mume wangu kambini, watu ndio kwanza wanapanda. Hakuumwa muda mrefu. Huyu mwenzake alimwosha, akamswalia pamoja na vibarua Waislamu waliokuwapo, wakamzika wamemwelekeza kibla. Kisha akatafuta mtu wa pwani aliyekuwa anashuka nyumbani, akampa habari aifikishe kwa kaka wa marehemu. Kwa mdomo, kwa kiapo. Ndivyo desturi ilivyo. Habari ya msiba haibwagwi mlangoni kwa mjane na mpita njia, hupelekwa kwa wakubwa wa ukoo, nao ndio huja na wanawake wao wakamwambia wamemshika mikono.

"Nilijua uko peke yako hapa," akasema. "Nikahofia usikie ukiwa huna mtu wa kukushika. Nikajua kaka yake ataleta watu."

Alinihurumia. Alifanya lililo sawa, hata leo nikilipima naona ni sawa. Na yule mjumbe alifanya lililo sawa, akaipeleka mpaka pwani. Wakaweka matanga kule, wakasoma hitima, wakachinja. Baadaye sana ndipo nikaja kusikia walivyokuwa wakininung'unikia: mjane gani huyu, hata matangani hakuja? Wao walidhani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuambiwa, si Dodoma ndiyo njia ya mjumbe? Hakuna aliyenificha. Kila mtu alijua kwamba mwingine amekwisha niambia.

Lakini asubuhi ile sikuwa na busara hiyo. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Mjumbe yule alipanda garimoshi, na garimoshi linapita Dodoma. Lilisimama hapa. Habari ya kifo cha mume wangu ilishuka stesheni, ikanyoosha miguu, ikanunua karanga, ikapanda tena ikaenda zake. Na pengine siku hiyo nilikuwa nimesimama pale pale.

Shemeji akafungua fundo la shuka yake. "Na hii ni amana yako. Aliipata kwa Mgiriki, akanionyesha kwa furaha. Akaniambia ni yako. Sikuweza kumpa mtu mwingine ailete, dhahabu si kitu cha kupitisha mikononi mwa watu. Nikangoja mpaka nije mwenyewe."

Akaniwekea mkononi. Ni yeye, msichana wa utepe, shingo wazi, nywele zimefungwa nyuma. Mzuri kweli.

Nikacheka, tena kicheko kibaya. Nikamwambia, "Shemeji, umeibeba hii kwa mkono wako miezi yote, na mume wangu ukampa mtu wa njiani." Akalia, mwanamume mzima. Nikajuta kumliza, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na lilikuwa la kweli.

Alipoondoka nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilimkuta anafundisha, akawaacha wanafunzi wake akaja kunisikiliza mlangoni. Nikamwambia nimefiwa, nataka kuanza eda leo. Akaniuliza marehemu alikufa lini, nikamwambia watu walipokuwa wanapanda uwele. Akahesabu kimya kimya kwa vidole, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Eda huanza siku aliyokufa mume, mama, si siku uliyosikia. Yako imekwisha."

"Imekwisha vipi nami sijaikaa?"

"Imekwisha kwa kupita kwake. Huna dhambi, hukujua. Huna la kulipa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Huna la kufanya. Vaa utakacho. Ukiposwa, unaweza hata kuolewa."

Hata kuolewa! Nikasimama pale na ile pauni mkononi. Nikamwuliza, "Na kulia, mwalimu?" Akasema kulia nani kakukataza. Alikuwa mtu mpole, alisema hivyo kwa huruma, kisha akarudi kwa wanafunzi wake.

Wanawake wa mjini walikuja jioni, vikapu mkononi, wakitoka sokoni. Wakanipa pole mlangoni. Walipojua kuwa ni jambo la zamani na pwani matanga yamekwisha anuliwa, hawakuona sababu ya kukaa. Hakuna aliyevua viatu. Hata wale walioniambia amekufa hawakunisuta, na ningependa wangenisuta, ningepata wa kugombana naye. Nilikuwa mke wa mtu miezi yote ile akiwa mchangani, nimejipaka hina na wanja, nimepika pilau, na siku niliyokuwa mjane ndiyo siku niliyoambiwa kwamba ujane wenyewe umekwisha. Sikupewa hata mwanzo wake. Watu wote walikwisha mlia, wakapangusa macho, wakala, wakatawanyika.

Asubuhi sikufungua mlango. Niliuvua mkufu, nikautia kibwetani pamoja na zile pauni nyingine, nikafunga. Nikaosha wanja. Nikavaa nguo nyeupe, nikatandika mkeka chini, nikakaa. Nilijua hakuna eda. Nilijua Mungu hanidai, mji haunitazami, na hakuna mtu atakayekuja kunihesabia siku. Nilikaa hivyo hivyo.

Mama wa maziwa akaja. Akaita, nikanyamaza. Akaita tena, kisha akasukuma mlango mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasimama kizingitini na kibuyu chake, ananitazama katika nguo nyeupe.

"Mbukwa," akasema.

"Mbukwa."

"Umekuwaje?"

"Mume wangu amekufa."

Akashusha kibuyu. Akaingia, akakaa chini udongoni, si kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama mtu asiyekusudia kuondoka.

"Amekufa lini?" akaniuliza.

"Leo," nikamwambia.